Nani Alimwaga Chai ya Boston?

Tarehe 4 Julai 2026 Marekani inatimiza miaka 250 tangu ijitangazie uhuru, na historia yake imekuwa ikizungushwa mitandaoni vipande vipande. Ukipita huko utaambiwa George Washington alipanda merikebuni usiku akaimwaga chai ya mfalme baharini. Utaambiwa watu walichoshwa na kodi ya chai iliyopandishwa kupita kiasi. Utaambiwa Paul Revere, sonara wa Boston, alikesha juu ya farasi, peke yake, akipiga kelele kijiji hadi kijiji kwamba Waingereza wanakuja. Wengine wanaichanganya habari nzima na vuguvugu la siasa lililoibuka Marekani mwaka 2009 likijiita Tea Party, jina ambalo tukio hilo la chai linaitwa kwa Kiingereza.

Karibu yote hayo yana kasoro. Washington alikuwa Virginia, mbali kabisa na Boston, na habari zilipomfikia hakupendezwa nazo. Kodi haikupanda, chai ilishuka bei. Revere hakuwa peke yake, na alikamatwa kabla hajamaliza safari. Nadhani njia nyepesi ya kuyatenganisha majina haya ni kuuliza swali moja kwa kila mtu: usiku wa Alhamisi, 16 Desemba 1773, chai ilipomwagwa bandarini Boston, alikuwa wapi?

Kwanza tuelewane

Makoloni 13 yalikuwa ukanda wa pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini, chini ya Mfalme George III wa Uingereza. Kila koloni lilikuwa na baraza lake la kutunga sheria, lililochaguliwa na wanaume wenye mali, na mengi yalikuwa na gavana aliyeteuliwa na mfalme. Massachusetts lilikuwa mojawapo, na mji wake mkuu ulikuwa Boston, wenye watu wapatao 16,000 tu.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki inabidi asimame kidogo. Tukisikia harakati za uhuru, tunawaza wenyeji wakimwondoa mgeni aliyekuja kuwatawala. Ya Marekani haikuwa hivyo. Waliogombana na London walikuwa walowezi, wengi wao wenye asili ya Uingereza kama watawala wenyewe, wakikaa juu ya ardhi ya mataifa ya wenyeji, na baadhi yao wakimiliki watumwa Waafrika. Kilio chao ni kwamba wao ni raia sawa na Mwingereza wa London, kwa hiyo hawapaswi kutozwa kodi na Bunge wasilolipigia kura. Ukilishika hilo, mengi yanayoonekana maajabu katika simulizi hii yataeleweka. Unafiki nao ulikuwepo, tutaufikia.

Kampuni ya East India ilikuwa ya wafanyabiashara wa London waliopewa haki ya peke yao ya kuleta bidhaa za Asia Uingereza. Jina lake linawapoteza watu: chai yote iliyomwagwa Boston ilitoka China, si India. Wana wa Uhuru ni jina la vikundi vya wapinzani vilivyochipuka mwaka 1765, vyenye wafanyabiashara, mafundi na wanasiasa. Watiifu ni walowezi waliobaki upande wa mfalme. Hawakuwa wachache, baada ya vita vya uhuru makumi ya maelfu yao walihama nchi.

Kodi haikupanda

Uingereza ilimaliza vita vyake na Ufaransa mwaka 1763 ikiwa na ushindi mkononi na deni kubwa mgongoni. London ikaona walowezi nao wachangie, kwa kuwa vita viliwalinda. Mwaka 1765 ikaja kodi ya stempu kwenye magazeti, hati za mahakama na hata karata za kuchezea. Ghasia zikazuka, sheria ikafutwa 1766. Mwaka 1767 ukaja ushuru wa kioo, karatasi, rangi, madini ya risasi na chai. Walowezi wakagomea bidhaa za Uingereza, na mwaka 1770 ushuru wote ukaondolewa isipokuwa mmoja: peni 3 kwa kila ratili ya chai.

Huo uliachwa makusudi. Kwanza, kuonyesha kwamba Bunge lina haki ya kutoza. Pili, na hili halisemwi sana, mapato yake yalitumika kumlipa mshahara gavana wa Massachusetts, na mpango ukawa majaji nao walipwe na mfalme. Zamani mishahara hiyo ilitoka kwa baraza la koloni, kwa hiyo gavana aliyewakera watu alijua iko siku atakwenda kuwaomba fedha haohao. Sasa alikula kwa mkono wa forodha. Mimi naona hapo ndipo ugomvi ulipokuwa na mzizi wake, kuliko kwenye peni tatu zenyewe.

Mei 1773 Bunge likapitisha Sheria ya Chai, ambayo wengi wanadhani iliongeza kodi. Haikuongeza hata peni moja. Kampuni ya East India ilikuwa taabani kifedha, maghala yake London yamejaa mamilioni ya ratili za chai isiyouzika. Sheria ikairuhusu kuipeleka Amerika moja kwa moja, kupitia mawakala iliowateua yenyewe, na kusamehewa ushuru uliokuwa ukilipwa Uingereza. Chai halali ikawa inaweza kuuzwa kwa bei ya chini kuliko hata ile ya magendo kutoka Uholanzi, ambayo Boston iliinywa kwa wingi.

Sasa nani anakasirikia chai ya bei poa? Chukua sukari. Tuseme serikali imeamua sukari yote iagizwe na kampuni moja kubwa, ishushwe bandarini na kuuzwa kupitia maduka machache ya watoto wa mkuu wa mkoa, kwa bei ambayo muuza jumla wa mtaani hawezi kuifikia. Mnunuzi atabeba kilo zake na kushukuru. Muuza jumla atafilisika, mwenye sukari ya magendo atafilisika haraka zaidi, na mwenye kufuatilia siasa atauliza: leo sukari, kesho unga? Halafu ndani ya kila kilo kuna ushuru uleule mdogo mliokuwa mkiukataa kwa miaka sita. Ukinunua, umeukubali. Na hao watoto wa mkuu wa mkoa si chumvi niliyotia: miongoni mwa mawakala wa chai Boston walikuwemo Thomas na Elisha, watoto wa Gavana Thomas Hutchinson.

Usiku wenyewe

Merikebu Dartmouth iliingia Boston tarehe 28 Novemba 1773, ikafuatwa na Eleanor na Beaver. Ya nne, William, ilikwama Cape Cod, rasi ya Massachusetts. Sheria ya forodha ilitoa siku 20: mzigo usipolipiwa ushuru ndani ya muda huo, unakamatwa. Kwa Dartmouth siku ya mwisho iliangukia 17 Desemba. Wapinzani walitaka merikebu zigeuze na shehena yake hadi London. Mawakala walikataa kujiuzulu, na gavana alikataa kutoa kibali cha kuondoka kabla ushuru haujalipwa. Mizinga ya ngome ya bandarini ilikuwa tayari kwa atakayejaribu kutoroka.

Aliyebanwa katikati ni mtu asiyetajwa kabisa kwenye video za mitandaoni: Francis Rotch, kijana wa miaka 23, ambaye familia yake ndiyo iliyomiliki Dartmouth. Watu zaidi ya 5,000 walikuwa wamejaa ndani na nje ya jumba la ibada la Old South. Wakamtuma akamwombe gavana kibali kwa mara ya mwisho. Hutchinson alikuwa kwenye nyumba yake ya Milton, nje ya mji. Rotch akaenda, akarudi giza limeshaingia, na jibu ni hapana.

Ndipo Samuel Adams akasema kwamba mkutano ule hauna zaidi unaloweza kufanya kuiokoa nchi. Simulizi iliyozoeleka inadai maneno hayo yalikuwa ishara ya siri, na palepale watu waliojibadilisha sura wakaruka na kukimbilia gatini. Ni habari tamu. Lakini taarifa za walioshuhudia zinaonyesha kwamba dakika kadhaa zilipita kabla kelele hazijasikika mlangoni, na kwamba Adams na wenzake waliwaomba watu waliokuwa wakitoka wasubiri, maana mkutano haujafungwa. Hiyo habari ya ishara ilienezwa karibu karne moja baadaye, na mwandishi aliyekuwa kitukuu wa Adams mwenyewe.

Kazi ilifanyika kwenye gati la Griffin. Mmoja wa walioifanya ni George Robert Twelves Hewes, fundi viatu wa miaka 31, mfupi, maskini, aliyewahi kufungwa kwa deni. Alijipaka vumbi la makaa usoni na mikononi kwenye karakana ya mhunzi, akashika kishoka, akajiunga na wenzake njiani. Waligawanyika makundi matatu, kila kundi na merikebu yake. Kwa kuwa Hewes alikuwa hodari wa kupiga mluzi, kundi lake likamfanya serahangi wa usiku ule, akatumwa kwa nahodha kudai funguo za ngama na mishumaa dazeni moja. Nahodha akavitoa bila ubishi, akaomba tu chombo na kamba zake visiharibiwe.

Wakayapandisha makasha sitahani, wakayapasua kwa shoka ili maji yaingie, wakayatupa. Iliwachukua kama saa tatu. Makasha 342, zaidi ya ratili 92,000, ambazo ni karibu tani 42. Kampuni ilitaja hasara ya pauni 9,659. Bahari ilikuwa imekupwa, chai ikarundikana kando ya merikebu hata vijana wakapewa kazi ya kuitawanya. Kulipokucha watu walipita na mashua ndogo wakiipiga kwa makasia chai iliyokuwa bado inaelea, isije mtu akaiokota na kwenda kuichemsha. Usiku ule mmoja wao alijaribu kuijaza kwenye bitana ya koti. Hewes anasimulia kwamba ndiye aliyemdaka kwa pindo la koti lake, na jamaa akaondoka akisindikizwa kwa mateke. Nahodha mmoja aliyevunjiwa kufuli aliletewa jingine. Manowari za mfalme zilikuwa bandarini palepale, hazikufyatua hata mzinga mmoja.

Wamwagaji walijifanya Wamohawk, moja ya mataifa ya wenyeji, lakini si kwa nia ya kuwasingizia. Hakuna mtu Boston aliyedanganyika. Makaa usoni yalikuwa ya kumzuia shahidi asikutambue mahakamani, na mavazi yalikuwa tangazo: sisi ni watu wa Amerika, si Waingereza wa ng'ambo. Wamohawk halisi hawakuombwa ruhusa, na vita vilipokuja wengi wao walipigana upande wa mfalme.

Vigogo walikuwa mkutanoni

Samuel Adams, basi, alikuwa Old South. Alikuwa na miaka 51. Kwa kuwa leo jina lake liko kwenye chupa za bia, watu wanadhani alikuwa mpika pombe. Familia yake ilitengeneza kimea, na hata biashara hiyo ilimshinda. Aliwahi pia kuwa mtoza kodi wa mji, akadaiwa kiasi kikubwa ambacho hakukikusanya. Jambo ambalo huenda liliwafanya majirani wampende zaidi. Kipaji chake kilikuwa kalamu na kamati. Mwaka 1772 ndiye aliyesukuma kuundwa kwa Kamati ya Mawasiliano ya Boston, iliyoandikiana barua na miji mingine ya Massachusetts hadi malalamiko ya mji mmoja yakawa ya koloni zima. Hiyo ndiyo kazi ya kumkumbuka nayo, kuliko hiyo ishara. Baadaye alitia sahihi Tamko la Uhuru, na akawa gavana wa Massachusetts.

John Hancock, miaka 36, alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Boston, mali aliyorithi kwa baba yake mdogo, mfanyabiashara Thomas Hancock. Mwaka 1768 forodha iliikamata merikebu yake Liberty kwa tuhuma za magendo ya mvinyo, mji ukachafuka. Naye usiku wa chai alikuwa upande wa mkutanoni. Hewes, akiwa mzee, alishikilia kwamba alimtambua Hancock akibeba makasha pembeni yake. Wanahistoria hawaamini, na mimi siamini pia: sura ya tajiri anayejulikana na mji mzima haifichiki kwa vumbi la makaa. Lakini naelewa kwa nini fundi viatu angependa iwe hivyo. Ujanani aliwahi kumtengenezea Hancock kiatu, akaalikwa nyumbani kwake mwaka mpya kupewa mkono, na tukio hilo halikumtoka akilini maisha yake yote.

Ile sahihi kubwa ya Hancock kwenye Tamko la 1776 nayo ina porojo lake, kwamba aliiandika hivyo ili Mfalme George aisome bila miwani. Hakuna ushahidi. Alikuwa rais wa Kongresi, mkutano wa wajumbe wa makoloni, na karatasi iliyochapwa usiku wa 4 Julai ilikuwa na jina lake na la katibu Charles Thomson peke yake. Wengi wa wengine walitia sahihi zao tarehe 2 Agosti.

Revere na daktari wake

Paul Revere, sonara wa fedha, baba yake mhamiaji Mprotestanti kutoka Ufaransa, anatajwa miongoni mwa waliokuwa gatini usiku ule. Mara baada ya hapo alipanda farasi kupeleka habari New York. Safari hiyo haina umaarufu, ingawa ni ndefu mara nyingi kuliko ile inayoimbwa.

Inayoimbwa ni ya usiku wa 18 Aprili 1775. Askari wa Uingereza walikuwa wanatoka Boston kwenda mji wa Concord kukamata silaha, na Daktari Joseph Warren akawatuma watu wawili kwa njia mbili tofauti: Revere na William Dawes. Walifika Lexington, wakawaonya Hancock na Samuel Adams waliokuwa wamelala huko. Njiani kwenda Concord wakajiunga na daktari mwingine, Samuel Prescott. Doria ya Waingereza ikawavamia. Revere akakamatwa, Dawes akatoroka lakini hakuendelea, na Prescott ndiye aliyefika Concord. Kuhusu zile kelele za "Waingereza wanakuja", hazingekuwa na maana, kwa kuwa waliokuwa wakiamshwa walijihesabu Waingereza pia. Alichosema ni kwamba askari wa jeshi wanatoka. Shairi lililotungwa mwaka 1860 ndilo lililowafuta wenzake wawili.

Warren alikuwa na miaka 34 alipouawa katika mapigano ya Bunker Hill, karibu na Boston, 17 Juni 1775, akafukiwa kaburi la pamoja. Miezi kadhaa baadaye, Waingereza walipoondoka Boston, mwili ulifukuliwa na Revere akautambua kwa jino la bandia: yeye ndiye aliyelifunga kwa waya, maana kazi ya usonara wakati ule ilikwenda pamoja na meno.

Ambao hawakuwepo

John Adams, wa ukoo mmoja na Samuel na baadaye rais wa pili wa Marekani, hakumwaga chai. Siku iliyofuata aliandika kwenye shajara yake kwamba kitendo kile ni cha kijasiri na kitakuwa na matokeo ya kudumu. Huyu ni mwanasheria aliyekuwa amewatetea mahakamani askari wa Uingereza waliofyatulia watu risasi Boston tarehe 5 Machi 1770. Kati ya watano waliokufa katika mauaji hayo alikuwemo Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Amerika. Attucks huwekwa mara nyingi kwenye orodha ya watu wa chai. Alikuwa kaburini kwa zaidi ya miaka mitatu.

Benjamin Franklin alikuwa London, wakala wa Massachusetts. Habari za chai zilifika huko Januari 1774, katika wakati mbaya kwake: alikuwa amegundulika ndiye aliyepeleka Boston barua za siri za Gavana Hutchinson. Tarehe 29 Januari alisimamishwa mbele ya Baraza la Mfalme na kutukanwa na mwanasheria wa serikali mbele ya watu, huku yeye akiwa kimya. Akapoteza na cheo chake cha posta. Mtu angetarajia awashangilie wamwagaji. Badala yake, siku chache baadaye aliwaandikia viongozi wa Boston akiwashauri Kampuni ilipwe, kwa kuwa mali ya mtu binafsi imeharibiwa.

Washington alisimama karibu na hapo. Katika barua ya Juni 1774 alisema shauri la Boston sasa ni shauri la Amerika nzima, kisha akaongeza kwamba hilo halina maana ya kuunga mkono kuharibiwa kwa chai.

Kilichombadilisha ni adhabu. Bunge, chini ya Waziri Mkuu Lord North, lilipitisha mfululizo wa sheria mwaka 1774. Bandari ya Boston ilifungwa kuanzia 1 Juni mpaka chai ilipwe, na hapo aliyemwaga, aliyetazama na aliyekuwa amelala waliadhibiwa sawa: wapagazi, wavuvi, wenye maduka. Madaraka ya kujitawala ya Massachusetts yalipunguzwa, mikutano ya miji ikawekewa mipaka, na Jenerali Thomas Gage akaja kuwa gavana. Makoloni mengine, ambayo mpaka hapo yaliiona Boston kama mji wa watu wakorofi, yakajiuliza kama hili likifanyika kwao itakuwaje. Yakapeleka chakula Boston, na Septemba 1774 wajumbe wa makoloni 12 wakakutana Philadelphia katika Kongresi ya kwanza. Risasi za kwanza zililia Lexington tarehe 19 Aprili 1775, Washington akapewa jeshi mwezi Juni, na amani ilitiwa sahihi Paris mwaka 1783.

Vitabu ndani ya Dartmouth

Wapo wawili zaidi ambao siwezi kuwaacha, mmoja kwa kuwa anasahauliwa na mwingine kwa kuwa anachukiwa.

Dartmouth haikubeba chai peke yake. Ilikuwa pia na vitabu vya mashairi vilivyochapwa London mwaka huohuo, kazi ya Phillis Wheatley. Alikuwa ameletwa Boston kutoka Afrika Magharibi mwaka 1761, mtoto wa miaka kama saba au minane, akauzwa kwa familia ya Wheatley na kupewa jina la merikebu iliyomleta. Akajifunza Kiingereza na Kilatini, akaandika mashairi ambayo watu hawakusadiki kwamba ni yake. Kwa hiyo kitabu kilitanguliwa na cheti kilichotiwa sahihi na waheshimiwa 18 wa Boston wakithibitisha kwamba mtumwa huyu ndiye mwandishi. Kwenye orodha hiyo yumo Gavana Hutchinson, na yumo John Hancock. Wanaume waliokuwa wakigombania uhuru wao wenyewe walikubaliana kwa jambo hilo moja.

Vitabu vilishushwa salama kabla ya chai kumwagwa. Phillis alipata uhuru wake miezi hiyohiyo, na mwaka 1775 alimtungia Washington shairi. Alikufa maskini mwaka 1784. Januari 1773, miezi 11 kabla ya makasha kupasuliwa, watumwa wa Boston walikuwa wamepeleka ombi kwa Hutchinson na baraza la koloni wakitaka nafuu ya hali yao. Halikujibiwa. Utumwa Massachusetts ulikuja kuvunjwa na mahakama mwaka 1783, baada ya watumwa wenyewe kufungua kesi wakitumia katiba mpya iliyosema watu wote huzaliwa huru.

Thomas Hutchinson ndiye mbaya wa simulizi. Alizaliwa Boston, ukoo wake ulikuwa Massachusetts tangu karne ya 17, na alikuwa akiiandika historia ya koloni hilo. Mwaka 1765 aliiona nyumba yake ikibomolewa na umati kwa sababu ya kodi ya stempu, ambayo kwa siri alikuwa ameishauri London isiilete. Kosa lake la 1773 lilikuwa kuishika sheria kama ilivyoandikwa wakati watoto wake wana maslahi kwenye mzigo. Angetoa kile kibali, Rotch angeondoka na chai yake, kama ilivyotokea Philadelphia ambako merikebu ya chai iligeuzwa bila kishindo. Hutchinson alisafiri kwenda Uingereza 1774, akiamini atarudi. Chuo Kikuu cha Oxford kilimtunuku shahada ya heshima tarehe 4 Julai 1776. Alifia huko mwaka 1780.

Waliomwaga chai walinyamaza kwa miaka mingi. Kuharibu mali ni kosa, na Kampuni ilikuwa bado hai. Jina Tea Party lilianza kuonekana kwenye maandishi miaka ya 1820 na 1830, washiriki waliobaki walipokuwa vikongwe na vijana wakaanza kuwatafuta. Hewes aligunduliwa wakati huo, akaandikiwa vitabu viwili, akapelekwa Boston mwaka 1835 kushangiliwa kwenye sherehe za uhuru. Wenyeji wake walidhani ana miaka kama 100, kumbe alikuwa na 92. Vuguvugu la 2009 lilichukua jina hilo kupinga kodi na matumizi ya serikali yao wenyewe waliyoichagua, jambo ambalo kila mtu ana haki ya kulipima, lakini si shauri lililofikishwa Old South. Na Kampuni ya East India, licha ya bandari kufungwa na ushauri wa Franklin, haikuwahi kulipwa zile pauni 9,659.